Mama Mlango, Aliyetaka Foleni Irefuke

Baada ya miaka thelathini na moja ya kugawa chakula katika ofisi yetu, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mama Mlango alistaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Sherehe ya kumuaga inafanyika leo, mwishoni mwa Septemba, kwa sababu ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, halafu rangi ikaisha, halafu fundi akapotea. Yeye hakulalamika. Alisema amewaona watu wakisubiri mambo makubwa kuliko hili.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mtunza ghala, na hakuna aliyebaki hapa ofisini aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mimi. Nilipomwarifu, alinitazama kwa lile jicho lake la pembeni akasema, "Andika, ila usinivike kilemba cha ukoka. Mahali niliposhindwa, paandike." Kwa hiyo wasomaji wa jarida letu, na watakaousikia ukisomwa leo ukumbini, wanisamehe. Wasifu wa mstaafu huwa ni jambo la furaha, nami nilikaa na kalamu nikijaribu kuwa na furaha. Nimejitahidi nilipoweza.

Aliajiriwa akiwa bibi harusi wa juzijuzi, hina bado haijafutika vizuri mikononi, na akapewa kiti cha karani wa dirishani. Wakati ule dirisha la mgao lilikuwa upande wa mbele, likitazama kituo cha mabasi. Kati ya dirisha na kituo palikuwa na uwanja mtupu wa changarawe, hauna mti wala kibanda. Aliyekuja kuchukua chakula alisimama pale juani, na abiria waliokuwa wakingoja basi hawakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kipaza sauti kilifungwa juu ya paa. Karani aliita jina la mtu, jina la baba yake, mtaa wake na idadi ya midomo anayoilisha, na sauti ile ilifika mpaka sokoni. Mfuko wenyewe ulikuwa mweupe, umeandikwa MSAADA kwa herufi nyekundu ambazo hata mwenye macho mabovu angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Kina mama waliigeuza mifuko nje ndani kabla hawajafika getini. Wanaume walikuja na makoti siku za joto kali, ili wapate cha kufunikia.

Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akisema, kila alipofika dirishani, kwamba chakula kile ni cha kuku wake. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema. Makarani wengine walimcheka. Yeye alimhudumia kwa heshima zote.

"Kuku wako wanaendeleaje, mzee?"

"Wanaendelea. Wameongezeka."

"Maharage wanayala?"

"Wameyazoea."

"Basi wapelekee na mafuta haya, wasije wakakaukwa na koo."

Mzee alipokea mafuta bila kucheka, na huyu naye hakucheka mpaka mzee alipovuka barabara. Tulikuwa vijana. Tulidhani hilo ni jambo la kuchekesha tu.

Lililombadilisha ni fundi saa. Huyu alikuwa na kibanda chake karibu na benki, shati jeupe kila siku, lenzi yake jichoni, na karibu kila mwenye saa katika mji huu aliwahi kusimama mbele yake. Kisha watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, na kibanda kikawa kimya. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, mtoto wa kama miaka saba. Alikuja kuomba, tukamkubalia, na siku ya mgao wake alisimama kwenye ile changarawe na shati lake jeupe. Mama Mlango ndiye aliyekuwa na zamu ya kipaza sauti. Aliita jina kamili kama alivyofundishwa. Pale kituoni mtu mmoja akageuka akapaza sauti, "Fundi, na wewe umo?" Hakuwa na ubaya, nadhani alishangaa tu. Fundi saa aliinua mkono kama anayemjibu salamu, akatazama saa yake, kama mtu aliyekumbuka kuwa amechelewa mahali, akaondoka. Hakurudi tena.

Baada ya wiki kadhaa Mama Mlango alichukua ruhusa akaenda kumtafuta. Alifika saa za mchana. Uani kulikuwa na bomba la wapangaji wote, na yule mjukuu alikuwa amechuchumaa hapo akisugua sahani mbili na sufuria kwa majivu, kwa bidii, huku majirani wakipita. Mama Mlango akamsalimia, akasema, "Umekula nini leo, mama?" Mtoto akatazama mlango wa nyumbani kwao kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Babu anasema nioshe kila siku ikifika saa saba." Sahani zilikuwa safi tangu mwanzo. Zilioshwa ili zionekane zinaoshwa.

Alimkuta fundi saa kitandani amevaa shati lake, amefunga vifungo vyote. Alikubali uji kwa mjukuu. Yeye mwenyewe alisema ameshashiba. Daktari aliyeitwa baadaye alitaja kifua, na kifua ndicho kilichoandikwa, lakini aliyeuosha mwili ule alijua. Kwenye msiba majirani walijaa. Masufuria makubwa yalitoka nyumba hii na nyumba ile, wali, nyama, chai ya maziwa, watu wakala wakabakisha. Mama Mlango alisimama katikati ya ua akauliza, "Chakula hiki kilikuwa wapi mwezi uliopita?"

Jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, akamjibu kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu, tungempa. Lakini hakusema."

"Angesema, mngemsema."

Mjukuu alichukuliwa na ndugu wa upande wa mama yake, mbali, na hatukupata habari zake tena.

Jumatatu iliyofuata Mama Mlango aliingia kwa mkurugenzi wa wakati huo bila miadi. Alitaka mambo matatu: kipaza sauti kishushwe, maandishi yaondolewe kwenye mifuko, na dirisha lihamishiwe nyuma, kwenye uchochoro ambako hakuna anayengoja basi. Mkurugenzi alimwambia hizo ni gharama. Akatoka. Kesho yake akaingia tena. Aliingia siku nyingi, mpaka katibu muhtasi akawa anamwekea chai yake tayari. Kipaza sauti kilishushwa kwanza, kwa sababu kiliharibika na yeye akahakikisha hakuna anayekitengeneza. Mifuko ikafuata. Dirisha lilichukua muda mrefu zaidi, na lilipofunguliwa hatimaye kule uchochoroni, wahasibu wakampachika jina la Mama Mlango wa Nyuma. Kwa asiyejua, jina hilo lilimfanya aonekane mla rushwa, na mgeni mmoja kutoka makao makuu aliwahi kumvuta kando akamuuliza kwa kunong'ona anatoza kiasi gani. Alilipenda jina lake. Sisi tukalifupisha.

Baadaye akapewa kazi mpya, iliyokuwa haipo mpaka alipoibuni mwenyewe, ya kutembelea mitaa na kuwaeleza watu kwamba chakula hiki ni haki yao. Alikuwa na mbinu yake. Akiingia mtaa, alipiga hodi kila nyumba, yenye gari na isiyo na mlango, ili asiwepo wa kusema ameonekana kwa fulani. Kwa mwenye gari alikunywa maji, akaeleza, akaaga. Kwa mwenye njaa alikunywa maji, akaeleza maneno yaleyale, akaaga kwa sauti ileile. Alikaa saluni kusukwa nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, kwa sababu pale ndipo wanawake huzungumza. Kwa kinyozi, wanakozungumza wanaume, alituma mpaka shemeji zake. Alikuwa akisema, "Mtoto akiumwa unampeleka hospitali, huoni haya. Barabara ikichimbika unalalamika, huoni haya. Tumbo nalo vivyo hivyo."

Na watu walikuja. Lazima niliandike hili vizuri, kwa sababu ni kweli na kwa sababu halikudumu. Foleni ya uchochoroni ilirefuka mpaka ikakunja kona. Mhasibu mkuu akamwita, akamwambia ofisi nyingine zinasifiwa kwa kupunguza foleni, yeye anaongeza. Akamjibu, "Foleni ikiwa fupi usidhani wameshiba. Wamejificha." Kina mama walianza kuzungumza kwenye mstari, kupeana dawa za vikohozi vya watoto, kucheka. Wengine waliacha kugeuza mifuko. Na asubuhi moja yule mzee wa kuku alifika dirishani, akashika ukingo kwa mikono miwili, akasema kabla ya salamu, "Leo hakuna kuku. Nimekuja mwenyewe." Mama Mlango alikuwapo siku hiyo. Alimpimia mgao, akamsindikiza mpaka mwisho wa uchochoro, kisha akaja ghalani kwangu akaketi juu ya gunia la mchele akalia. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu. Nimefurahi." Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia kwa furaha mahali hapa.

Kisha akaja mfadhili mpya. Nisieleweke vibaya, mfadhili alileta chakula kingi, na ghala langu halijawahi kujaa kama mwaka ule. Lakini alitaka picha. Mkurugenzi aliyekuwapo, ambaye siye wa kwanza na siye wa sasa, alituita akasema, "Mfadhili anataka kuona nyuso." Mama Mlango akauliza kama mfadhili hawezi kuona magunia. Watu wakacheka, naye mkurugenzi akacheka, na picha zikapigwa.

Miongoni mwa waliopigwa alikuwapo mama muuza mkaa. Mama Mlango alimhangaikia huyu miezi mingi. Kila akienda kwake alifukuzwa kwa adabu. Alikuwa mwanamke wa kujitegemea, mikono myeusi, kichwa juu, na alipokubali hatimaye kuja, alikubali kwa sababu Mama Mlango alijiwekea mkono kifuani na kumwambia, "Naapa hakuna atakayekutazama vibaya." Siku ya picha alipewa mfuko, akaambiwa atabasamu, akatabasamu. Alidhani picha inakwenda nje ya nchi.

Iliwekwa kwenye bango kubwa, pale kituo cha mabasi. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Chini yake paliandikwa: TUMEMWOKOA NA NJAA.

Binti yake alikuwa ameposwa. Upande wa bwana harusi haukuivunja posa siku ile, uliivunja baada ya wiki, kwa kisingizio kingine. Mama muuza mkaa alikuja ofisini mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, hakutaka kuketi. Alimwambia Mama Mlango mbele yetu, bila kupaza sauti, "Uliniambia si aibu. Kama si aibu, mmenitundika kwa nini?" Mama Mlango alianza kusema kitu kuhusu uongozi. Mwenzake akainua mkono. "Mimi siujui uongozi. Nakujua wewe." Akaondoka. Baada ya muda alihama, na bango likabaki.

Siku iliyofuata Mama Mlango alinunua ndoo ya chokaa na ufagio wa mpini mrefu, akaazima ngazi kwa fundi umeme, akaenda kituoni saa ambayo watu ni wengi. Alipanda akaanza kupaka. Makondakta walishangilia, wakidhani ni kazi ya kawaida ya matangazo. Alikuwa amefuta macho na paji la uso askari alipofika. Kwa kuwa alikuwa mama mtu mzima mwenye kitambulisho cha ofisi, askari alimshusha kwa heshima na hata akamshikia ngazi. Ofisi haikuwa na heshima hiyo. Alipewa karipio, kazi ya mitaani ikafutwa, na akaletwa ghalani awe msaidizi wangu. Bango lilitundikwa jipya, na safari hii juu zaidi.

Tulikaa naye ghalani miaka minne. Aliijua kazi, alifagia vizuri, alifukuza panya kwa ukali ambao panya hawakustahili. Lakini alikuwa akisimama mara kwa mara kwenye kidirisha kutazama foleni. Mfadhili alikuwa ametaka pia wageni wake waone watu wakihudumiwa, kwa hiyo dirisha lilirudishwa mbele, kwenye changarawe ileile. Foleni ilifupika kila mwezi. Magunia yakaanza kukaa ghalani mpaka yakapata fukusi. Nilimwonyesha gunia moja la maharage lililokuwa limegeuka vumbi, akaingiza mkono, akauacha humo kwa muda. "Haya yalikuwa ya mtu," akasema.

Ilikuwa katika kipindi hicho ndipo muuguzi wa hospitali alipompigia simu. Ana mdogo wake mmoja tu, kitindamimba, waliyeachiana miaka mingi kiasi kwamba watu walimdhania ni mwanawe. Mume wa mdogo wake alikuwa ameondoka kutafuta kazi na simu yake ilikuwa haipatikani. Wanakaa mji huu huu, upande wa pili. Walikuwa wakionana, wakipigiana simu, na kila akiulizwa hali mdogo mtu alisema tunaendelea vizuri, dada. Alikuwa ameanguka sokoni. Mimi ndiye niliyempeleka Mama Mlango hospitali kwa pikipiki ya ofisi. Muuguzi alitupokea kwenye ukumbi, akamwangalia dada mtu sare yake, akasita.

"Ana nini?" Mama Mlango akauliza. "Malaria?"

"Tumepima kila kitu, mama. Hana ugonjwa. Ana njaa."

Watoto wake wawili walikuwa wazima. Alikuwa akiwalisha wao na kulamba mwiko.

Nilitaka kubaki nje, lakini wodi ilikuwa wazi na niliyasikia yote. Mama Mlango alikaa ukingoni mwa kitanda. Kwa muda mrefu alikuwa akimnyooshea shuka lililokuwa limenyooka.

"Mimi ni dada yako," akasema. "Kazi yangu ni chakula. Mji mzima unajua kazi yangu ni chakula."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ningekuja ungenipa, dada. Ningekula. Lakini kuanzia siku hiyo kila ukinitazama ungeniona mmoja wa watu wako."

"Nani amekwambia nawaona vibaya watu wangu? Maisha yangu yote nawaambia si aibu."

Mdogo wake alifumba macho. Alizungumza polepole, si kwa hasira. "Kama si aibu, dada, kwa nini ulilihamishia dirisha nyuma?"

Nilikuwa nikimtazama Mama Mlango mgongo. Mkono wake ulirudi kwenye lile shuka. Aliponiambia niandike mahali aliposhindwa, bango si mahali hapo. Ni hapa. Njiani kurudi aliniomba nisimamishe pikipiki, akashuka, akasimama kando ya barabara huku malori yakipita. Akasema, "Nilidhani naiondoa. Kumbe nilikuwa naitafutia pa kujificha." Nilimwambia bila ule uchochoro wengi wangekufa. Akasema ni kweli. Akasema hilo nalo haliondoi hili.

Tangu hapo alipeleka chakula kwa mdogo wake kila alipoweza, kutoka jikoni kwake, si kutoka ofisini. Mdogo wake alikipokea mlangoni, akashukuru, akamrudishia vyombo vimeoshwa. Hakumkaribisha ndani. Walibaki hivyo.

Uongozi wa sasa ulipoingia ulimrudishia kazi ya mitaani, na tunaushukuru. Alikuwa amebakiza miaka michache. Alipiga hodi kama zamani, lakini maneno yalikuwa mengine. Hakusema tena si aibu. Nilimfuata siku moja na kumsikia kwa dereva mmoja aliyekuwa amevunjika mguu na kukosa kazi. Alimwambia, "Najua unaona aibu. Hata mimi ningeona. Njoo nayo, tutaihudumia pamoja na wewe." Yule dereva alicheka, akaahidi. Hakuja. Ukweli ni kwamba wachache sana walikuja. Mji ulikuwa umeliona lile bango kwa miaka, na kina mama waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wamefundishwa na mama zao wasije wakatundikwa. Siku yake ya mwisho kazini foleni ilikuwa fupi kuliko siku aliyoajiriwa. Aliitazama kutoka dirishani, akafunga droo, akakabidhi ufunguo.

Hapa wasifu ungefaa kuishia. Lakini kuna jambo lililotokea kati ya Juni na leo, nalo mnalijua kwa uvumi. Bora mlisome kwa usahihi.

Mafao ya Mama Mlango hayajatoka. Wote tunajua huwa yanachukua muda gani, lakini mwenye nyumba hajui, wala tumbo halijui. Mumewe alishafariki, na anamuuguza mama mkwe wake ambaye hatoki kitandani. Kwa masharti yetu wenyewe, nyumba isiyo na kipato inastahili mgao. Mwezi wa Agosti aliomba kama mtu mwingine yeyote, akakubaliwa kama mtu mwingine yeyote. Tulimwambia, kwa nia njema, tutakupelekea nyumbani jioni. Alikataa. Siku ya mgao alikuja akasimama kwenye changarawe, nyuma ya wengine, na kitenge chake kizuri.

Nilikuwa mlangoni mwa ghala. Waliomtangulia walipogeuka na kumwona, walidhani amekuja kikazi. Walipotambua, mstari ulitulia kabisa. Mama mmoja akajitoa pembeni, "Pita mbele, mama yetu."

"Nitafika. Zamu yako kwanza."

Yule mama hakurudi mahali pake. Alisimama kando kidogo, akatazama kituoni, kisha akaondoka. Akafuata mwingine. Sikuelewa mara moja. Baadaye nilisikia yaliyosemwa: kama hata yeye ameanguka, basi hili shimo halina mwisho, na wengine walisema hawakuweza kuvumilia kumwona vile. Alikuwa amekuja kusimama nao, nao wakamkimbia. Alipofika dirishani nyuma yake hakukuwa na mtu hata mmoja.

Karani wetu mpya, binti aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, alikuwa ameinamisha kichwa. Alimsukumia mfuko haraka, kama mtu anayepitisha kitu cha wizi.

"Mwanangu, hujanisalimia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Niulize na mimi hali."

Binti akainua kichwa. "Habari za nyumbani, mama?"

"Nyumbani hali ni ngumu kidogo," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ndiyo maana nimekuja." Akachukua mfuko wake, akauweka kichwani, akavuka uwanja ule peke yake. Kituoni watu waligeuza nyuso, na sidhani kama yupo aliyemcheka. Ingekuwa afadhali wangecheka, angewajibu.

Hadi jioni mji mzima ulikuwa na habari kwamba Mama Mlango amefilisika. Habari ilimfikia mdogo wake. Alikwenda kwa dada yake kwa miguu, kutoka upande ule wa pili wa mji, akamkuta amekaa na ule mfuko haujafunguliwa. Mama Mlango alinisimulia haya kwa maneno machache.

"Watu wanakusema," mdogo wake akamwambia.

"Nasikia."

"Umekula?"

"Bado."

Mdogo wake akaufungua mfuko, akachagua mchele, akawasha jiko. Walikula pamoja, wakamlisha na mama mkwe. Hawakuzungumza juu ya hospitali wala dirisha. Aliondoka na hakubeba chochote, na mpaka naandika haya hajaja kuomba mgao wake, ingawa anastahili.

Mama Mlango, kwa niaba ya wenzako wa ghala, wa dirishani, wa uhasibu na hata wale waliokupachika jina, asante. Asante kwa uchochoro, ingawa wewe mwenyewe uliusema vibaya. Asante kwa kila nyumba ulimokunywa maji. Uongo hatutakuandikia: mengi uliyojenga yamebomoka ukiyaona, na sisi tuliosaidia kuyabomoa tumo humu ukumbini tukipiga makofi. Tunakuombea afya, mafao ya haraka, mama mkwe apate nafuu, na ndugu yako awe karibu. Ishi vizuri, mama, na uishi sana.

Mgao wako unaofuata ni Jumatano. Nimeomba zamu ya dirishani siku hiyo. Njoo saa yoyote utakayopenda, nami nitakusalimia kwanza, kisha nitakuuliza habari za nyumbani.